Mali ya Tabora Isitegemee Jani Moja: Namna ya Kusimamia Uwekezaji Wako Uchumi Unapobadilika

Mtu wa Tabora aliyefanikiwa hutambulika kwa vitu vinne: shamba la tumbaku huko Urambo, Kaliua au Sikonge, nyumba za kupangisha mjini, duka, na gari la mizigo. Mwenyewe huamini kwamba ametawanya mali yake vya kutosha, kwa kuwa vitu hivyo havifanani na kila kimoja kina daftari lake. Lakini mpangaji wa nyumba yake ya Kanyenye ni karani wa kampuni inayonunua tumbaku, wateja wa duka lake hulipa madeni baada ya masoko ya tumbaku, na gari lake hubeba mbolea likienda shambani na marobota likirudi. Mwaka ambao bei ya tumbaku inaanguka, au malipo yanachelewa, vyote vinne hutikisika ndani ya mwezi mmoja, kwa sababu ni nguzo nne zilizosimikwa katika shimo moja.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mkulima, mfanyabiashara, mwalimu au mstaafu wa mkoa huu ambaye ana akiba ya kupanga, hana mtu wa kumfanyia kazi hiyo, na pengine hataki kuwa naye. Kazi yenyewe haihitaji shahada ya uchumi. Inahitaji karatasi, kikokotoo cha simu, na utayari wa kuuliza maswali yanayowaudhi wauzaji.

Karatasi ya safu tano

Kabla ya kutafuta pa kuwekeza, andika ulichonacho. Chora safu tano. Ya kwanza ni jina la mali. Ya pili ni fedha ambayo ungeipata kama ungeiuza ndani ya mwezi mmoja, si ile uliyotumia kuijenga wala ile ambayo jirani anasema aliuzia ya kwake. Ya tatu ni kiasi inachokuingizia kwa mwaka baada ya matengenezo na kodi. Ya nne ni deni lililo juu yake. Ya tano, ambayo watu wengi huiruka ingawa ndiyo yenye maana kuliko zote, ni jibu la swali hili: mali hii inategemea nini ili iendelee kulipa?

Tuchukue mfano wa kubuni. Mkulima wa Urambo ana nyumba mbili za kupangisha mjini Tabora zenye thamani ya shilingi milioni 45, shamba na mabani ya kukaushia ya milioni 15, duka na bidhaa zake milioni 12, Fuso la milioni 25, na milioni 3 benki. Jumla ni milioni 100, na anadaiwa milioni 18. Akijaza safu ya tano kwa ukweli, ataandika neno "tumbaku" mbele ya milioni 97. Ni zile milioni 3 za benki tu ambazo hazijali kama mteuzi ameyapa majani yake daraja la juu au la chini.

Mwalimu wa sekondari hapo Isevya atadhani jambo hili halimhusu, kwa kuwa mshahara wake unatoka Hazina. Na aangalie tena: kama akiba yake yote ameitia katika vyumba vya kupangisha na pikipiki za mkataba, mshahara wake hautegemei tumbaku lakini utajiri wake unaitegemea. Kosa hapa si kumiliki nyumba Tabora, bali ni kutokuwa na kitu kingine chochote kinachoishi nje ya uchumi wa Tabora.

Ukishaijaza karatasi, tazama safu ya madeni kwanza, kabla ya kuvutiwa na uwekezaji wowote. Mikopo ya benki nchini kwa miaka ya karibuni imekuwa ikitozwa riba ya wastani wa karibu asilimia 15 au 16 kwa mwaka. Mkulima wetu mwenye deni la milioni 18 kwa asilimia 16 anatozwa riba ya takriban shilingi 2,880,000 kwa mwaka. Akichukua milioni 18 na kuziweka mahali panapolipa asilimia 12, atapata 2,160,000. Kulipa deni kunamwachia faida kubwa zaidi, tena faida isiyo na hatari na isiyokatwa kodi, na mtu anayemshauri awekeze huku deni likiendelea anajali kamisheni yake kuliko mfuko wa mteja.

Chunguza pia namna riba inavyohesabiwa. Mkopo unaotangazwa kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, ikipigwa juu ya mkopo wote wa mwanzo hadi mwisho bila kupungua kadiri unavyorejesha, kwa muda wa miaka miwili na marejesho ya kila mwezi, kwa kweli unakugharimu karibu asilimia 18. Unapokaa mbele ya ofisa mikopo, usiulize asilimia ngapi peke yake. Uliza jumla ya shilingi utakazorejesha mpaka siku ya mwisho, pamoja na ada ya maombi na bima ya mkopo, kisha linganisha jumla hizo kati ya benki na benki au benki na SACCOS.

Dola: anayeuza kwa dola asiweke akiba kwa dola

Badiliko la uchumi linalomgusa mtu wa Tabora haraka kuliko mengine ni thamani ya shilingi, kwa kuwa kwa miaka mingi bei ya tumbaku imekuwa ikipangwa kwa dola ya Marekani. Mwaka 2024 shilingi ilishuka hadi dola moja ikapita shilingi 2,700. Kufikia Desemba ya mwaka huohuo shilingi ikapata nguvu ghafla na dola ikakaribia 2,400. Mwaka 2025 dola ikapanda tena katika miezi ya kwanza kisha ikarudi chini. Tuseme mkulima ameuza kilo 3,000 kwa wastani wa dola 2 kwa kilo, yaani dola 6,000. Zikibadilishwa kwa 2,700 anapata shilingi 16,200,000. Zikibadilishwa kwa 2,450 anapata 14,700,000. Milioni moja na nusu imeondoka bila jani hata moja kuharibika bani.

Watu wengi wakiona hivyo hukimbilia kununua dola na kuziweka. Kwa mkulima wa tumbaku hilo ni kuongeza mzigo upande uleule ulioelemewa. Mazao yake yaliyo shambani tayari ni dola: dola ikipanda, kipato chake kinapanda, ikishuka, kinashuka. Akiba yake inapaswa kukaa upande wa pili, katika vitu vinavyolipa shilingi, ili dola inaposhuka kuwe na kitu kinachobaki imara. Mambo ni tofauti kwa mwenye duka la vifaa vya sola au vipuri vya pikipiki pale mjini, ambaye hununua bidhaa zilizoagizwa kutoka China na kuziuza kwa shilingi. Huyu hupata hasara dola inapopanda, kwa sababu mzigo unaofuata utakuwa ghali kuliko fedha aliyokusanya kwa mzigo uliokwisha. Kwake yeye, akaunti ya dola benki yenye kiasi cha kutosha mzigo mmoja ni tahadhari ya busara. Swali la kujiuliza, basi, si kama dola itapanda; hilo halijui hata anayelipwa kulijua. Jiulize dola ikipanda wewe unapata au unapoteza, kisha weka akiba upande usio huo.

Jambo moja la kisheria: Machi 2025 Serikali ilitoa kanuni zinazokataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za hapa nchini. Kuwa na akaunti ya dola si kosa, lakini kumdai mpangaji kodi kwa dola, kama baadhi ya wenye nyumba walivyozoea kuwafanyia wageni wa mashirika, ni jambo la kuachana nalo.

Riba: kwa nini hatifungani hushuka bei

Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilianza kuendesha sera ya fedha kwa kutangaza Riba ya Benki Kuu. Ilianza na asilimia 5.5, ikapandisha hadi 6 mwezi Aprili mwaka huohuo, na Julai 2025 ikaishusha hadi 5.75. Riba hii si ile utakayotozwa wewe benki. Ni ya kuongoza mikopo ya muda mfupi baina ya benki na Benki Kuu na baina ya benki zenyewe. Ifuatilie hata hivyo kila inapotangazwa, kwa maana inaonyesha Benki Kuu inataka fedha iwe ghali au rahisi katika miezi inayokuja.

Kwa mwekezaji mdogo, riba inaonekana waziwazi katika hatifungani za Serikali, yaani hati za fedha unayoikopesha Serikali kwa miaka kadhaa nayo ikakulipa riba. Hatifungani ya miaka 25 ilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2021 ilibeba riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka. Mwaka uliofuata, hatifungani mpya za muda huohuo zilitolewa kwa asilimia 12.56. Aliyenunua ya kwanza anaendelea kulipwa riba yake ileile, shilingi 159,500 kwa kila milioni moja kwa mwaka, ikigawanywa mara mbili kila baada ya miezi sita, mpaka hatifungani ikomae, yaani siku Serikali inaporudisha fedha aliyoikopesha.

Sasa fuata hesabu hii polepole, kwa kuwa hapa ndipo wengi huumia. Umenunua hatifungani ya milioni moja yenye riba ya asilimia 12.56. Baada ya miaka mitatu unahitaji fedha, unataka kuiuza sokoni, na wakati huo wanunuzi wanataka faida ya asilimia 15.75. Hakuna atakayekupa milioni moja kwa karatasi inayolipa 125,600 kwa mwaka wakati milioni hiyohiyo ingeweza kumpatia 157,500 kwingine. Atakubali kuinunua kwa bei itakayoifanya 125,600 ilingane na faida anayoitaka, na bei hiyo ni takriban shilingi 80 kwa kila 100, yaani kama 800,000. Umepoteza laki mbili katika kitu ambacho uliambiwa hakina hatari. Riba zikishuka, mambo hugeuka: mwenye ile ya asilimia 15.95, wanunuzi wakitaka 12.56, anaweza kuiuza kwa zaidi ya 120 kwa kila 100.

Kwa hiyo hatifungani ya muda mrefu ni salama kwa mtu atakayeishika, na ni ya mashaka kwa mtu anayeweza kulazimika kuiuza. Njia nzuri ni kugawa fedha kwa kufuata tarehe za mahitaji yako. Mwenye milioni 10 anaweza kuweka milioni 3 katika hatifungani ya miaka 2, milioni 3 katika ya miaka 5, na zilizobaki katika ya miaka 10 au zaidi. Kila inayokomaa anaangalia riba za wakati huo, anaamua upya. Hatakuwa na riba ya juu kuliko watu wote, wala hatajikuta ameifunga fedha yote katika mwaka ambao riba zilikuwa chini.

Kima cha chini cha kununua hatifungani za Serikali ni shilingi milioni moja. Tabora hakuna tawi la Benki Kuu. Yaliyo karibu yako Mwanza na Dodoma. Huna haja ya kusafiri, kwa kuwa ununuzi hufanyika kupitia benki na madalali walioidhinishwa, na benki kubwa zina matawi mjini hapa. Utakachohitaji ni kufungua akaunti ya hifadhi ya dhamana, ambamo hatifungani zako huandikwa, kwa jina lako, kwa kitambulisho cha taifa na akaunti ya benki ya kupokelea riba. Ofisa wa tawi akikuambia hajui utaratibu huo, na hutokea, mwombe kwa heshima awasiliane na makao makuu yake mbele yako, kisha subiri hapohapo.

Mfumuko wa bei wa taifa na wa nyumbani kwako

Mfumuko wa bei nchini umekuwa karibu asilimia 3 kwa mwaka tangu mwishoni mwa 2023. Akaunti ya kawaida ya akiba benki nayo hulipa riba isiyozidi sana asilimia hizohizo 3, na kabla hujaipokea hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10. Maana yake ni kwamba fedha iliyolala humo inasimama palepale, au inarudi nyuma kidogo kidogo. Amana ya muda maalumu ya asilimia 9 hubaki 8.1 baada ya kodi hiyo, na ukiondoa mfumuko unabakiwa na takriban asilimia 5 ya faida halisi. Hii asilimia 5 ndiyo ya kulinganisha na uwekezaji mwingine. Ile 9 iliyobandikwa ukutani ni ya tangazo.

Ila Ofisi ya Taifa ya Takwimu hupima kikapu cha nchi nzima. Mwenye watoto wawili sekondari ya kulipia na mmoja chuo ana mfumuko wake mwenyewe. Andika bei unazolipa wewe za mchele, unga, mafuta ya kula, gunia la mkaa, ada na nauli, kila Januari, na baada ya miaka miwili utaijua asilimia ambayo akiba yako inapaswa kuishinda.

Wastani wa mwaka huficha pia msimu. Tabora ina vipindi viwili vya fedha. Kuanzia masoko ya tumbaku yanapofunguliwa katikati ya mwaka mpaka Septemba, fedha huwa nyingi: matofali hupanda, mafundi hawapatikani, viwanja huongezwa bei hata na madalali ambao hawajawahi kuviona. Januari na Februari, ada zikiwa zimedaiwa na masoko yakiwa mbali, watu huuza. Mwenye shilingi mkononi mwezi Januari hununua kiwanja kilekile kwa bei ya kiungwana, na mwenye busara huuza mwezi Agosti. Nashangaa kwamba jambo hili kila mtu mjini analijua na wachache sana hulifanya, pengine kwa sababu kununua kiwanja mara tu baada ya malipo ni namna ya kuilinda fedha isimezwe na harusi.

Pa kuweka, kwa kufuata muda

Fedha utakayoihitaji ndani ya mwaka mmoja, yaani ada, pembejeo za msimu na matibabu, isiende sokoni kabisa. Iwekwe katika amana ya muda maalumu, katika dhamana za Serikali za muda mfupi ambazo hutolewa kwa siku 35, 91, 182 na 364, au katika Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, ambao hulipa ndani ya siku chache za kazi ukihitaji kutoa. UTT AMIS ni taasisi ya Serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Mfuko wake wa kwanza, Umoja, ulianza mwaka 2005, na mingine ni Wekeza Maisha, Watoto, Jikimu, Ukwasi na Hatifungani. Unanunua vipande, yaani sehemu ndogo za mfuko, na thamani ya kipande hutangazwa kila siku ya kazi. Kwa mtu ambaye milioni moja ya hatifungani ni nyingi, au ambaye hataki kuhangaika na akaunti za dhamana, naiona mifuko hii kuwa mlango mzuri kuliko yote, mradi asome mfuko umewekeza katika nini: wenye hisa nyingi hupanda na kushuka kuliko wenye dhamana za Serikali.

Kiasi kinachobaki benki kipangwe kwa kujua kwamba Bodi ya Bima ya Amana humlinda mwenye amana hadi shilingi 7,500,000 katika benki moja. Mwenye milioni 20 hapaswi kuziacha zote katika taasisi moja ndogo kwa kuwa meneja ni rafiki. Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga benki tano kwa wakati mmoja, ikiwemo ya wakulima wa Kagera, na wakati huo kinga ilikuwa shilingi 1,500,000 tu.

Hisa ni za fedha ambayo hutaihitaji kwa miaka mitano au zaidi. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998, na leo mtu wa Nzega anaweza kununua kwa simu kupitia programu ya Hisa Kiganjani bila kupanda basi. Gawio la kampuni zilizoorodheshwa hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5. Faida za hisa ni kubwa kwa mwenye subira, lakini usidanganywe kwamba hupanda tu. Hisa za CRDB ziliuzwa kwa umma mwaka 2009 kwa shilingi 150. Karibu na mwaka 2020 zilikuwa chini ya bei hiyo. Mwishoni mwa 2024 zikapita 600. Hisa za Vodacom Tanzania ziliuzwa kwa 850 mwaka 2017, kisha zikaja kuuzwa chini ya hapo. Zaidi ya bei, soko letu lina wanunuzi wachache: kuna siku utataka kuuza hisa za kampuni fulani na hakuna atakayezitaka. Ndiyo maana hela ya ada haipaswi kukaa huko hata siku moja.

Kuhusu viwanja vilivyo kando ya reli ya kisasa inayojengwa kutoka Makutupora kuja Tabora, na kutoka Tabora kwenda Isaka na Kigoma, nitasema machache. Reli italeta biashara, hilo halina ubishi. Lakini kila muuzaji anajua hivyo, na bei anayokutajia tayari imeshahesabu treni ambayo haijafika. Nunua kama kiwanja kingekufaa hata bila stesheni, na kama kina hati au barua ya toleo uliyoithibitisha mwenyewe ofisi ya ardhi.

Msomaji wa Kigoma ambaye riziki yake ni dagaa na migebuka anaweza kubadilisha neno "tumbaku" na kuweka "ziwa" katika safu ya tano. Uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ili samaki wazaliane, na mwenye mtumbwi, mwenye barafu na mwenye gari la kupeleka dagaa Dar es Salaam wote walikosa kazi kwa miezi mitatu ileile. Akiba ya mtu kama huyo iwe walau matumizi ya nyumbani ya miezi minne, katika kitu kinachotoka haraka, kabla hajafikiria hatifungani wala hisa.

Anayekushauri analipwa na nani

Kusimamia mali yako mwenyewe hakukatazi kuuliza wenye ujuzi. Kunakutaka tu ujue mshauri anakula wapi. Ofisa wa benki huuza bidhaa za benki yake. Wakala wa bima hulipwa kamisheni na kampuni ya bima, na sehemu kubwa ya kamisheni hiyo mara nyingi hutoka katika michango yako ya mwanzo. Dalali wa hisa hulipwa kila unaponunua na kila unapouza, kwa hiyo mteja anayetulia hamfaidishi. Hakuna ubaya katika kazi hizi, ila hakuna hata mmoja kati yao atakayekwambia ukalipe deni lako kwanza.

Maongezi na wakala huenda hivi, na ni vyema kuyazoea:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mzee, tuna mpango mzuri wa bima na akiba, unachangia miaka kumi tu."

"Nikishindwa kuchangia mwaka wa pili, narudishiwa kiasi gani?"

"Huu mpango mzee ni wa muda mrefu, faida yake inaonekana mwishoni."

"Nimekuelewa. Nikishindwa mwaka wa pili, narudishiwa kiasi gani?"

Usiondoke kwenye swali hilo mpaka jibu liandikwe kwa shilingi. Maswali mengine mawili yanatosha: wewe unalipwa na nani nikisaini, na leseni yako ni ya nani. Washauri wa uwekezaji, madalali wa hisa na wasimamizi wa mifuko hupewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Wa bima na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. SACCOS na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Asiye chini ya mamlaka yoyote, anayeahidi fedha kuzaa kila mwezi na kukuomba ulete wenzako, anaendesha upatu, hata kama anavaa suti na anafungua kikao kwa sala. DECI, upatu uliowahi kuenea nchini, ilikuwa na wanachama wengi na sura ya kidini mpaka ilipositishwa mwaka 2009.

Mstaafu anahitaji tahadhari zaidi kuliko wote. Mkupuo wa mafao humfikia kwa siku moja mtu ambaye hajawahi kushika kiasi hicho, na ndugu, wakala na muuza kiwanja hupata habari kabla hata ya benki. Tangu 2022 mkupuo ulipangwa kuwa asilimia 33 ya mafao, na bajeti ya 2024/25 ikaupandisha hadi asilimia 40 kwa kundi lililokuwa likipata nusu hapo zamani. Kilichobaki hulipwa kama pensheni ya kila mwezi, ambayo ni shilingi isiyotegemea tumbaku wala mvua. Ushauri wangu ni mkali kidogo: weka mkupuo wote katika dhamana ya Serikali ya siku 182 na usinunue chochote kabla haijakomaa. Anayekuja na biashara isiyoweza kusubiri miezi sita amekujibu mwenyewe.

Tarehe mbili za mwaka

Karatasi ya safu tano ipitiwe mara mbili. Mara ya kwanza ni Septemba, malipo ya tumbaku yakishaingia: hapo ndipo unapolipa madeni, unatenga pembejeo na ada, na kuhamisha sehemu ya kilichobaki, tuseme robo, kwenda katika mali isiyotegemea mkoa huu. Usingoje mwaka mzuri. Robo ya mwaka mbaya ni ndogo lakini bado ni robo. Mara ya pili ni Januari, unapoandika bei za nyumbani, kuangalia riba ya Benki Kuu na kiwango cha dola, na kuamua kama kuna hatifungani au amana ya kuhuishwa. Kati ya tarehe hizo mbili usiuze wala usinunue kwa sababu ya habari ya redio, isipokuwa umefikwa na dharura ya kweli.

Kwa mkulima wetu wa Urambo, mwendo huo una sura hii: mwaka wa kwanza na wa pili robo yake yote inakwenda kwenye deni la milioni 18, mwaka wa tatu anafungua Mfuko wa Ukwasi mpaka ufikie matumizi ya nusu mwaka, mwaka wa nne anaanza hatifungani ya miaka 5, na hisa kidogo za kampuni ambazo mapato yake hutoka nchi nzima. Fuso likichakaa, anaangalia kwanza kama kununua jingine kunazidi kuongeza neno "tumbaku" katika safu ya tano.

Nakala ya karatasi hiyo apewe mwenza wako, ikiwa na majina ya benki, namba za akaunti za dhamana na vipande, na jina la mrithi uliyemwandikisha katika kila moja, kwa sababu hisa na vipande havina mlango ambao familia itaupita ikauona. Wosia unaweza kuandikwa na kuhifadhiwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Karatasi yenye neno la siri la simu na benki isikae pamoja na nakala hiyo.